Mwavuli wa Buluu Usio na Njiti Tatu

Sogeza kiti, msikilizaji wangu, ukae vizuri. Ninachotaka kukueleza hakihitaji elimu yoyote, ila kina hatua zake, na ukiiruka moja utapotea njiani. Tuanze na kitu ambacho umekiona mara nyingi bila kukitazama: ile picha fupi inayotokea kabla ya filamu kuanza. Wewe bado unatafuta pa kuegemea, mwingine anauliza nani ana rimoti, na picha ile imeshapita.

Picha ile inaitwa nembo. Anayetengeneza filamu ni mmoja, na anayeipeleka sokoni mara nyingi ni mwingine. Huyo wa pili, msambazaji, hununua ruhusa ya kuiuza, na kabla hujaona chochote anakuonyesha alama yake. Ni kama gunia la mchele lenye chapa ya muuzaji. Hakulima yeye, lakini chapa ndiyo unayoikumbuka.

Kampuni ya nembo ninayokusimulia ilikuwa ya Uingereza, na alama yake ilikuwa mwavuli. Mimi niliujua mwavuli huo Dubai, mwanzoni mwa miaka ya 2010, ndani ya stoo ya nyumba moja ya Al Warqa. Mvua huko unaweza kuisahau mwaka mzima.

Kabla ya hapo nilikuwa askari wa mlangoni katika jengo lenye kliniki, Oud Metha. Kila Jumanne alikuja mama mmoja na baba yake mzee, na kila Jumanne nilimsukuma mzee kwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye lifti, ingawa haikuwa kazi yangu. Siku moja yule mama akaniuliza kama ningependa kuja kumtunza baba yake nyumbani. Karatasi zangu za kazi zikahamishwa kwake, nikaacha sare, nikahamia Al Warqa. Yeye nilimwita madam. Mzee nilimwita Babu.

Babu alitoka Unguja akiwa kijana, na Kiswahili chake alikitunza kama wengine wanavyotunza vyombo vya sherehe. Mimi ni mtu wa bara ya Kenya, wa huko juu kwenye mahindi na baridi. Asubuhi ya kwanza nilimpikia chai ya kwetu, maziwa na majani vimechemka pamoja. Akaonja, akashusha kikombe.

"Mwanangu, hii chai au uji wa mgonjwa?"

"Ni chai, Babu. Kwetu tunapika hivyo."

"Basi kwenu kuna njaa. Niletee kijiko nikitafune."

Akainywa yote. Kesho yake aliniuliza mbona uji umechelewa.

Presha ya macho ilikuwa imeumaliza uoni wake. Alibakiwa na ukungu na rangi, tena ukimkaribishia kitu. Lakini masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Alijua gari la madam likiwa bado kwenye kona. Na kila siku madam alipoingia, kabla hajaweka funguo mezani, alisema neno lile lile: "Baba, umekula?" Babu akajibu, "Nimekula, mama," hata kama hajala, nami nikabaki kumsuta kwa macho ambayo hakuweza kuyaona.

Zamani Babu alikuwa na duka la kukodisha mikanda ya video, maeneo ya Al Mankhool. Mikanda mingi ilikuja ndani ya mabegi ya watu waliotoka London, na yeye aliinakili kwa deki mbili, moja ikicheza na nyingine ikirekodi. Siku hizo ndivyo kila duka lilivyofanya. Zilipokuja sahani za filamu, yaani DVD, alifunga duka, akaihamishia mikanda iliyobaki kwenye stoo ya uani. Ilikuwa zaidi ya mia mbili. Joto la miaka likakausha gundi, na karatasi za majina zikadondoka zote. Ukifungua mlango ulizikuta sakafuni, zimejikunja kama majani makavu, hakuna inayojua ilitoka wapi.

Babu alipoanza kushindwa na ngazi, madam aliamua kuigeuza stoo ile iwe chumba chake cha chini, chenye choo na dirisha kubwa. Lori la kubeba takataka lingekuja Alhamisi alasiri, mafundi Jumapili. Mikanda isingeweza kuingia nyumbani, maana madam alikuwa na pumu na vumbi lile lilimfunga kifua hata akisimama mlangoni. Usimwone mbaya. Alikuwa anamjengea baba yake chumba.

Sasa nikueleze kosa langu, maana bila hilo hakuna cha kusimulia.

Nilipokuwa mdogo, kwenye kituo chetu cha biashara palikuwa na kibanda cha video chenye mabenchi. Mwenye kibanda alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: mkanda haurudi rafuni mpaka umerudishwa mwanzo. Ukiukuta uko katikati, umekutana na mtu asiye na adabu. Sheria hiyo iliniingia kama salamu. Basi juma moja kabla ya lori, Babu akiwa amelala usingizi wake wa baada ya kifungua kinywa, mimi nilikuwa stooni nafuta vumbi na kuchungulia kidirisha cha kila mkanda. Nilidhani labda madam angepata wa kumpa, na mtu hapewi mkanda uliosimama njiani. Karibu yote ilikuwa imesharudishwa. Nilikuta sita tu ambayo haikuwa mwanzo. Nikaiingiza kwenye deki, nikairudisha, nikaichomeka rafuni pamoja na mingine. Nikajisikia mtu mwema kabisa.

Jumapili ya juma lile la lori, Babu alinishika mkono uani, yeye ameketi barazani.

"Mwanangu, kuna mkanda mmoja nautaka kabla hawajaibeba. Hauna jina, lakini hutapata tabu. Dukani kwangu kila mkanda ulirudishwa mwanzo, mke wangu alikuwa hacheki na mtu kwa hilo. Huo mmoja tu umesimama katikati. Niliusimamisha mwenyewe, sijaugusa tena."

"Una nini, Babu?"

"Una yeye."

Akanieleza taratibu. Mkewe alifariki binti yao akiwa na miaka minne. Hakupenda kamera, na picha zake zilikuwa mbili au tatu. Lakini kuna siku Babu alimrekodi dukani, dakika chache, kwenye nafasi tupu iliyobaki mwishoni mwa filamu. Baada ya mazishi aliitazama mara moja, akaisimamisha pale mkewe alipomaliza kusema. Hakuweza kuendelea mbele, na kurudisha nyuma pia hakuweza. Binti yake hakuwahi kuambiwa.

"Nilikuwa nangoja akue. Akakua, nikawa nangoja nipate nguvu. Sasa macho yamekwenda. Lakini sauti nitaisikia, na yeye hajapata kuisikia sauti ya mama yake tangu awe na akili."

Nilisimama pale na jua limenipiga utosini. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema nimetafuta sikuuona. Nikakaa chini kwenye saruji, usawa wa magoti yake, nikamwambia.

"Babu, nimeirudisha. Ilikuwa sita. Nimeirudisha yote mwanzo."

Aliuachia mkono wangu. Kisha akauliza, kwa upole uliouma kuliko matusi, "Nani alikutuma?"

"Hakuna. Kwetu ni adabu."

"Alaa! Adabu." Akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa changu, akakigonga kwa kidole kimoja. "Mke wangu angekupenda wewe. Mimi sijui bado."

Nikamwambia twende kwa madam, tumwombe asogeze lori. Akakataa kabisa.

"Asijue mpaka upatikane. Akijua kuna sauti, kisha isipatikane, atakuwa amefiwa mara mbili. Na wewe, usinililie hapa. Nenda kalete kiti changu."

Nikaileta deki stooni, na televisheni ndogo yenye mgongo, na feni. Babu akakaa mlangoni kwenye upepo, mimi ndani. Na hapo ndipo aliponifundisha mwavuli.

Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nembo inapofanya kazi ambayo aliyeichora hakuiwazia. Kampuni ile ilibadilisha alama yake mara mbili katika miaka ambayo Babu alikuwa na duka. Mwanzoni kabisa ulikuwa mwavuli mweusi uliofungwa, umechorwa tu, umesimama juu ya herufi nyeupe, hauna muziki, unasikia mnong'ono wa mkanda peke yake. Huo ulikuwa wa ujana wake, kabla hajaoa. Kisha ukaja mwavuli wa buluu. Kwenye giza ulijichora mstari mmoja wa mwanga, ukawa njiti, ukaja wa pili, wa tatu, hadi nane, na kila njiti ilikuja na mlio wake wa kinanda, mmoja juu ya mwingine kama mtu anayepanda ngazi. Ya nane ilipolia mwavuli ulifunguka. Huo ulikuwa wa miaka ya mkewe. Mwishoni ukaja wa dhahabu, umetengenezwa kwa kompyuta, unazunguka kama pia, na tarumbeta juu. Huo ulimkuta tayari amefiwa na mke.

"Kwa hiyo mweusi na wa dhahabu tunaiweka pembeni," nikasema.

"Tunautafuta wa buluu. Umeelewa. Ungeelewa hivi juma lililopita ningekuwa nakunywa chai sasa."

Tukaanza. Naingiza mkanda, nangoja onyo la maandishi lipite, naona mwavuli, nautoa. Jumapili nilikuwa namwelezea Babu ninachoona. Kufika Jumatatu hakuningoja.

"Tarumbeta. Toa."

"Nimesikia, Babu."

"Kimya. Huo mweusi. Toa. Mbona unauangalia, umeona mchumba?"

Ya buluu niliipanga sakafuni, fungu la Jumatatu karibu na mlango, la Jumanne kando ya feni. Kila kinanda kilipopanda ngazi zake nane, Babu aliinua kidevu kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa barabarani. Alasiri moja, tarumbeta za dhahabu zilipolia, madam alikuwa jikoni na dirisha lake lilikuwa wazi. Tukamsikia anaimba pamoja nazo, pa-pa-raa, bila kujua. Babu akacheka bila sauti.

"Alikuwa akiicheza hiyo dukani, juu ya kaunta. Nilikuwa naiweka makusudi, alale akiwa amechoka."

Jumatano alasiri tulimaliza. Ya buluu ilikuwa sabini na tatu. Sasa fanya hesabu nami. Kuupeleka mkanda mbele hadi filamu iishe, kwenye deki ile kongwe, ni dakika kadhaa, na deki ilikuwa ikipata moto, ikitaka kupumzishwa. Lori lilikuwa kesho. Tulijaribu minane, na yote ilikuwa tupu baada ya filamu, chembechembe nyeupe tu na mvumo. Wa tisa ukanasa. Nikauchomoa kwa vidole, polepole, jasho likinidondokea mkononi, nikiwaza kama huu ndio wenyewe nami nimeuharibu mara ya pili.

Haukuwa. Lakini tulizima deki, tukakaa.

Mimi nikikwama huwa narudi mwanzo wa jambo na kuuliza kitu cha kijinga. Nikamwuliza, "Babu, mkanda huo ulikuwaje? Mbona ulikuwepo wa kuchezea? Si mikanda yote ilikuwa ya wateja?"

"Ulikuwa wa mteja. Akaurudisha, hakuutaka. Nikautia kwenye kamera kwa kuwa haukuwa na kazi."

"Kwa nini hakuutaka?"

"Uliharibika mwan—" Akakamata mikono ya kiti. "Subiri. Subiri, mwanangu. Nilikuwa nanakili. Deki moja imeshaanza kucheza, mwavuli unajichora, mimi mkono uko kwenye kitufe cha kurekodi. Yeye, mke wangu, akaniita kutoka nyuma, nikageuka kumjibu. Nilipobonyeza njiti zilikuwa zimeshapita. Mbili, tatu. Mteja akasema nimempa mwavuli mbovu. Wallahi, mwavuli mbovu, ndivyo alivyosema!"

Nikajipiga paja, kwa sababu mwavuli mbovu nilikuwa nimeuona. Ulianza ghafla, na njiti tatu za kwanza sikuziona zikija. Kinanda kilianzia katikati ya ngazi. Nilidhani deki imeruka. Na Babu wakati ule alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri, ndiyo maana masikio yake hayakuukamata.

"Ilikuwa Jumatatu, Babu. Uko kwenye fungu la mlangoni."

"Basi umekaa unafanya nini?"

Lakini gari la madam lilikuwa limeshakata kona, na Babu alikuwa na neno lake: asijue mpaka upatikane. Tukaacha hadi asubuhi.

Alhamisi, madam alipotoka kwenda ofisini, tulikuwa tumeshakaa mahali petu. Fungu la Jumatatu lilikuwa na mikanda ishirini na sita. Wa kumi na saba uliwaka moja kwa moja kwenye buluu, bila giza, na kinanda kikaanzia njiti ya nne. Nne, tano, sita, saba, nane. Mwavuli ukafunguka, na njiti zile tatu za kwanza hatukuziona zikijichora wala kuzisikia. Babu alikuwa amesimama. Sikuwahi kumwona akisimama bila kushikwa.

Nikaupeleka mbele, kidogo kidogo, nikiipumzisha deki kila mara na kuigusa kichwani kama mtoto mwenye homa. Ilinichukua hadi karibu adhuhuri. Filamu ikaisha. Zikaja chembechembe nyeupe, nikadhani tumekosea. Kisha picha ikaruka, ikatulia.

Mwanamke yuko nyuma ya kaunta, amejifunga kanga juu ya gauni, anafuta vumbi kwenye majalada kwa kitambaa. Pembeni yake ameketi mtoto wa kike juu ya kaunta, anakula biskuti kwa makini sana. Mwanamke anainua uso, anaona kamera, anaweka mkono kiunoni.

"Toba! Na mimi na nguo hizi? Zima hicho. Nasema zima." Anacheka, anageuka, anarudi tena. "Haya, umekula wewe? Au unacheza na mashine tu tangu asubuhi? Nimekuuliza jana umekula, ukageuka ukaharibu mkanda wa watu, na kula hukula."

Babu alikuwa amekaribia televisheni hadi paji lake linagusa kioo, anatafuta rangi.

Nyuma yetu nikasikia funguo. Huko Alhamisi kazi huisha mapema, maana Ijumaa ni mapumziko, na hakuna kati yetu aliyesikia gari. Madam alikuwa amesimama mlangoni pa stoo, amefunika pua kwa mtandio, na macho yake hayakuwa kwangu wala kwa baba yake. Sauti kwenye televisheni ilikuwa ikirudia, "Umekula? Nijibu basi," na ilikuwa sauti yake mwenyewe, madam, ile ninayoisikia kila alasiri kabla funguo hazijagusa meza.

"Baba, huyu nani?"

"Mama yako," Babu akasema. "Na huyo wa biskuti ni wewe. Njoo ukae hapa, vumbi tutalijua baadaye."

Akaingia. Nikampa kiti, mimi nikatoka uani. Nilisikia mkanda ukifika mwisho wa maneno, kisha nikasikia madam akiuliza jinsi unavyorudishwa nyuma, na Babu akamwonyesha kitufe. Waliurudisha mara nyingi. Madam alikohoa siku mbili nzima baadaye, wala hakulalamika.

Lori lilikuja alasiri, likabeba mikanda yote ya mwavuli mweusi, yote ya dhahabu, na sabini na miwili ya buluu. Madam aliupeleka ule mmoja kwa fundi wa Al Mankhool, akautia kwenye sahani, na nakala akaipeleka kwa dada zake Babu. Mkanda wenyewe ulikaa kwenye chumba kipya, karibu na dirisha kubwa, pamoja na deki ile kongwe. Babu alipenda kuuanza kwenye mwavuli mbovu, kisha tunaupeleka mbele. Ukifika mwisho wa maneno ya mkewe, aliniagiza niusimamishe pale pale, nisiurudishe. Nilitii. Adabu ya kibanda chetu cha video niliiacha Al Warqa.

Na wewe, ukikuta kwenu mkanda au kaseti isiyo na jina, usiipeleke mbele wala nyuma. Chukua karatasi, andika umeikuta wapi na imesimama wapi, ifunge kwa uzi, maana gundi hukauka, kisha umpelekee mkubwa wa nyumba umwulize ilikuwaje.